Kisu Kilichopita Mpaka

Mwanangu, iko siku moja ya ujana wangu ambayo hadi leo nikiikumbuka siielewi yote. Sisi watu wazima tukikaa na vijana hupenda kuwasimulia yale tuliyoyaelewa, ili tuonekane tuna akili. Leo nataka nikusimulie nisilolielewa. Kaa vizuri, unywe chai yako, maana mambo yenyewe hayataki haraka.

Ilikuwa miaka ya themanini, hapa hapa Malindi. Nilikuwa msichana, nimemaliza shule na kujifunza kupiga taipu, zile mashine nzito ambazo ukizipiga kutwa vidole vinakuuma hata kushika kijiko. Baba alikuwa amefariki. Nyumbani nilikuwa na mama, na ndugu mdogo wa baba, Ami Sudi, ndiye aliyekuwa msimamizi wetu. Nikapata kazi ya ukarani katika karakana ya Bwana Faraj, nje kidogo ya mji, upande wa barabara inayokwenda Gongoni. Pale walikuwa wakikereza vyuma, yaani kuvichonga kwa kisu huku vinazunguka: shafti, zile nondo nene za kuzungusha pampu za viwanda vya chumvi, vipuri vya injini za mashua za Ngomeni, na kila kilichovunjika ambacho mwenyewe hakuweza kukingojea kitoke Mombasa. Kazi yangu ilikuwa ofisini, mlango umefungwa ili moshi na makelele yasiingie. Vyuma vyenyewe sikuvijua hata kidogo.

Fundi mkubwa pale alikuwa Mzee Kazungu, Mgiriama wa Magarini, mtu mrefu, mpole, asiyependa kuzungumza mashine ikiwa inazunguka. Yeye alikuwa akikereza kwa mikono yake miwili: mmoja kwenye gurudumu la kusogezea kisu, mwingine umepumzika juu ya mashine. Nilimuuliza siku moja huo mkono uliopumzika unafanya nini. Akasema huo ndio unaosikiliza.

Basi Bwana Faraj akaleta mashine mpya. Nasema mpya, lakini ilikuwa imetumika ng'ambo miaka kadhaa kabla ya kuuzwa. Alikuwa ameuza shamba la minazi aliloachiwa na baba yake ili ainunue, na mji mzima ulijua. Ilishushwa kutoka kwenye lori kwa minyororo na magogo, watu wamesimama wakitazama. Ilikuwa kubwa kama jiko la nyumba, na ubavuni ina kioo kama cha televisheni na vitufe vya herufi na namba. Ilikuwa mashine ya kukereza kama ya Mzee Kazungu, ila haikuwa na gurudumu la mkono. Ulikuwa ukiiandikia namba, nayo inakipeleka kisu yenyewe mpaka pale namba inaposema, inakata, inarudi, inabadilisha kisu, inakata tena. Kompyuta ndiyo iliyokuwa ikiiongoza. Wakati huo, mwanangu, neno kompyuta Malindi tulikuwa tukilisikia redioni tu.

Aliyekuja kuifunga alikaa nasi muda mfupi, akawaonyesha mafundi, akaenda zake. Mafundi wakabaki wanaangaliana. Vidole vyao vilikuwa vizito, na yale maandishi ya kioo yalikuwa ya kigeni na yakipita haraka. Bwana Faraj akaja ofisini, akasimama mlangoni.

"Bi Zuhura," akasema, "ile si taipu ile?"

Nikamjibu kwamba ina vitufe, lakini sidhani kama ni taipu.

"Ina vitufe," akasema. "Basi ni yako."

Ndivyo nilivyoingia karakana, mwanangu. Nilifunga mtandio kichwani, nikavaa koti la kazi juu ya gauni. Mama aliposikia, aliniuliza mara nyingi huko nafanya kazi gani hasa. Nikamwambia napiga taipu, ila badala ya karatasi kinatoka chuma. Akanitazama, akaendelea kusafisha samaki. Hakuelewa, na mimi niliyekuwa namweleza sikuelewa.

Tulifanya kazi wawili. Mzee Kazungu alikuwa akichora shafti kwa chaki sakafuni, ananitajia vipimo, nami naviandika kwenye mashine. Yeye alijua chuma kinataka nini lakini hakuijua njia ya kuiambia mashine. Mimi nilijua kuandika lakini sikujua ninachokiandika. Nilikuwa napiga namba kama mtu anayenakili maneno ya lugha asiyoijua, nikimaliza nabonyeza kitufe cha kijani, na moyo unanidunda. Wakati mwingine ilikubali, chuma kikatoka kinang'aa, kila shafti sawa na mwenzake. Wakati mwingine ilisimama katikati ikaandika maneno mekundu, na hapo tukawa tunatazamana, mimi namngojea yeye aseme, yeye ananingojea mimi.

Palikuwa na ukurasa mmoja katika kioo kile ambao tuliuita ukurasa wa visu. Humo iliandikwa kila kisu kina urefu gani. Kisu kikilika kidogo kwa kukata, Mzee Kazungu alipima shafti, akaniambia niongeze au nipunguze, nami nikaibadilisha namba. Ikiwa humo mna namba isiyo sawa, mashine inaweza kudhani kisu ni kifupi kuliko kilivyo, inakipeleka mbele kupita mpaka. Na aliyekuwa akiandika humo ni mimi peke yangu. Hilo likumbuke, maana ndilo lililonifunga shingoni.

Tulipata kazi ya shafti za pampu za kiwanda kimoja cha chumvi huko Gongoni, zile pampu za kupandisha maji ya bahari kwenda mabwawani. Bwana Faraj alikuwa amewapa ahadi, akawa hatulii. Tukaanza vizuri. Ikaingia Idd, karakana ikafungwa, stima ikazimwa, kila mtu kwao. Tuliporudi, asubuhi, niliwasha mashine kama kawaida. Kioo kikawaka kama kawaida. Namba za kazi ile ile tuliyokuwa tukiifanya kabla ya Idd zilikuwa zimo. Mzee Kazungu akafunga chuma, meno ya mashine yakakibana. Mlango wa mashine akauacha wazi, kama alivyozoea, kwa sababu alipenda kukiona kisu kinapogusa. Nikabonyeza kijani.

Kisu kilikuja, kikakata mara ya kwanza vizuri. Kikarudi, kikaja kisu cha pili, na hiki kilipofika pale pa kusimama hakikusimama. Kilikwenda mbele kikaingia kwenye meno yanayozunguka. Siwezi kusema ni sauti gani niliyoisikia. Nilichokiona ni kile chuma kimeruka nje kupitia ule mlango ulio wazi, na Mzee Kazungu amekaa sakafuni, ameushika mkono wake wa kushoto kwa wa kulia, ananitazama kama anayetaka kuniuliza jambo. Mashine ilikuwa imezimika. Aliyeizima, kama ni mimi au ni yenyewe, sijui. Watu walisema mimi nilikuwa nimekibonyeza kitufe chekundu, kile cha kuisimamisha, na sikitoi kidole.

Wakamkimbiza hospitali. Sisi tukabaki na ile mashine.

Bwana Faraj aliniita mbele ya kioo, akaniambia nimfungulie kila ukurasa. Namba za njia ya kisu zilikuwa sawasawa, tulizisoma moja moja. Tukafika ukurasa wa visu. Namba ya kile kisu ilikuwa si ile niliyoizoea.

"Nani kaiandika hii?" akauliza.

Nikasema, "Humu naandika mimi."

"Basi uliiandika wewe."

"Sijui, Bwana Faraj."

Na hiyo ndiyo ilikuwa kweli yangu yote. Siku ya mwisho kabla ya Idd tulikuwa na haraka. Nilibadilisha namba humo, hilo nilikumbuka. Kisu kipi, sikukumbuka. Nikifumba macho nilijiona nikiandika namba ile mbovu, kidole changu kinakwenda kabisa. Kisha nikifumba tena, nilijiona nikiandika iliyo sawa. Kadiri nilivyojiuliza ndivyo nilivyozidi kupotea, hadi nikaanza kuogopa kumbukumbu zangu mwenyewe, nisijue ipi imetokea na ipi nimeitunga kwa hofu.

Bwana Faraj hakuwa mtu mbaya. Kesho yake alinikalisha kitako, akazungumza nami kwa upole. Akasema nikiri tu kwamba nilikosea namba, yeye atanisamehe, sitafukuzwa, nitarudi ofisini kwenye taipu yangu, atatafuta mtu mwingine, na kazi itaendelea. Nilipokuwa mkubwa ndipo nilipoelewa kwa nini alitaka sana iwe mimi. Ikiwa ni mimi, mashine ni nzima. Ikiwa si mimi, basi ameuza minazi ya baba yake akanunua mnyama asiyemjua.

Nyumbani nako kulikuwa na lake. Ami Sudi alikuwa amelisikia jambo hilo barazani, na lilimchoma. Akaniambia nitawadhe, nishike msahafu mbele ya Bwana Faraj na mashahidi, niape kwamba sikuandika ile namba, ili jina la nyumba lisafike. Nikamwambia siwezi kuapa. Akauliza, kwani uliandika? Nikasema sijui. Akasema kwamba msichana asiyeweza kuapa watu watajua wamweke fungu gani, na kwamba hili neno la sijui atakwenda kulisema kwa nani. Mama alikuwa pembeni anakoroga uji wa mgonjwa. Alinimiminia uji katika chupa ya chai, akanipa, akaniambia niupeleke hospitali.

Huku wananivuta nikiri, huku wananivuta nikane, na pande zote mbili ni watu wanaonipenda. Njiani nikaamua. Nilikuwa nimechoka, mwanangu, na uchovu hukuamulia mambo usipoangalia. Nikasema nitamwomba Mzee Kazungu radhi, nitakiri kwa Bwana Faraj, yaishe.

Nilimkuta amelala, mkono umefungwa mpaka kwenye kiwiko. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, akaniuliza habari za mama. Nikammiminia uji. Halafu nikashindwa kujizuia, nikapiga magoti kando ya kitanda nikamwambia anisamehe.

Akangoja mpaka nikamaliza kulia.

"Nikusamehe kwa lipi, mwanangu?" akauliza.

"Kwa mkono wako, Mzee."

"Ulifanya nini?"

"Sijui. Huenda niliandika namba vibaya."

"Huenda," akasema. Akaweka kikombe. Sijawahi kumwona amekasirika, lakini uso wake ulibadilika. "Mimi mlango wa mashine niliuacha wazi. Hilo nalijua, nimelifanya kwa mkono huu, na nimemwambia Faraj. Wewe unaniletea huenda. Ukisema ni wewe, wataacha kutafuta. Wataiwasha. Atasimama mtu mwingine pale niliposimama mimi. Kama si wewe uliyeandika, huyo naye atakuja kulala kitanda hiki, na wewe utakuwa umemlaza kwa uongo wako wa kutaka yaishe."

Nikamwambia kwamba Ami anataka niape.

"Na ukiapa kuwa si wewe, nawe ndiye, hutajifunza kitu, utarudia. Mimi sitaki unifurahishe, wala umfurahishe Faraj, wala ami yako. Nataka nijue kilichonivunja mkono. Nenda kanitafutie."

Hakuniambia nitafute vipi. Yeye mwenyewe hakujua. Nilitoka pale na chupa tupu mkononi, nimechanganyikiwa zaidi kuliko nilivyoingia, ila jambo moja lilikuwa limenyooka: sitakiri na sitaapa, mpaka nijue.

Nilimwendea Bwana Faraj nikamwambia hivyo hivyo. Nikamwomba aniruhusu niiwashe mashine bila kufunga chuma, kisu kipite hewani, mlango umefungwa, nami niangalie kama kinasimama panapotakiwa. Alikataa. Nikamwambia basi anifukuze, lakini yeyote atakayekuja baada yangu atamweka pale pale. Kiwanda cha chumvi kilikuwa kinamngojea, na mtu mwingine wa kuijua ile mashine hakuwa naye. Mwishowe akasema nifanye, ila fundi Chengo awepo. Chengo alikuwa mwenzake Mzee Kazungu, mtu wa maneno machache, naye ndiye aliyekinyoosha kishikio cha visu kilichogongwa siku ya ajali na kuvipima visu vyote upya. Namba za visu tuliziandika upya pia, yeye ananisomea, mimi naandika, yeye anaangalia kioo.

Tukaanza kukata hewa. Watu walikuwa wakipita mlangoni wakicheka, maana ni kichekesho kuona mashine kubwa namna ile inahangaika na kitu kisichokuwapo. Kisu kilikwenda, kikasimama. Tukarudia, kikasimama. Tukafanya hivyo asubuhi na mchana, kesho yake tena, na kesho yake. Hakikukosea hata mara moja.

Hapo ndipo nilipoteseka, mwanangu, kuliko siku ya ajali. Kila kilivyosimama sawa ndivyo nilivyojiona mkosa. Chengo alianza kunitazama kwa huruma, na huruma ile nilijua maana yake. Bwana Faraj akaacha kuja kutazama. Nikajiambia, Zuhura, unangoja nini tena, mashine ni nzima. Nilitaka niende nikaseme. Kilichonizuia si ushujaa. Nilimwogopa Mzee Kazungu, kwamba ataniuliza nimejua nini, na mimi nitakuwa bado sijui, nimechoka tu.

Mwisho wa juma lile stima ikakatika mji mzima, ikarudi baadaye karakana imeshafungwa. Jumatatu tukafika, nikawasha mashine. Nilikuwa nimejiwekea desturi ya kutogusa chochote kabla ya Chengo kufunga mlango. Bwana Faraj alikuwa amekuja, nadhani kutuambia basi imetosha. Nikamwomba yeye mwenyewe abonyeze kile kitufe cha kijani. Akanishangaa, lakini akabonyeza.

Kisu kikaja, kikapita hewani mara ya kwanza, kikarudi. Kikaja kisu cha pili, na nikakiona kinapita pale pa kusimama. Chengo naye akakiona, akaita jina la Mungu kwa sauti ya chini. Nikabonyeza chekundu, kikasimama karibu kabisa na meno.

Hapakuwa na chuma, hapakuwa na aliyeumia.

"Nionyeshe ukurasa wa visu," Bwana Faraj akasema.

Nikaufungua. Namba haikuwa ile tuliyoiandika na Chengo. Ilikuwa nyingine kabisa, tena hata haikufanana na ile ya siku ya ajali. Bwana Faraj akamuuliza Chengo kama aliigusa. Akaniuliza mimi. Kisha nikaona anajiuliza mwenyewe, maana aliyebonyeza ni yeye. Akakaa juu ya pipa la mafuta, akashika kichwa. Akasema taratibu kwamba ameuza minazi ya baba yake kwa kitu hiki. Mimi nilitaka kufurahi, lakini furaha haikuja. Niliona uso wake tu.

Akaletwa mtaalamu kutoka Mombasa, kijana mwenye adabu, akafungua kabati la nyuma ya mashine ambalo sisi hatukuwahi kulifungua. Ndani mlikuwa na betri, za kawaida kabisa, kama za tochi. Zilikuwa zimevuja, na zile springi za kuzishika zimeota kutu ya kijani. Akatueleza kwamba stima ikiwa haipo, hizo betri ndizo zinazoihifadhia mashine kumbukumbu zake. Zikichoka, au kutu ikiingia, mashine inasahau. Akafuata waya unaokwenda ardhini, akaukuta nao umeliwa na chumvi ya hewa yetu, unakatika mkononi.

Nikamuuliza, "Basi ni betri?"

"Huenda ni betri," akasema. "Huenda ni waya. Huenda vyote viwili."

"Lakini ingesahau, si ingebaki tupu? Mbona iliandika namba nyingine?"

Akatabasamu kama mtu aliyeulizwa jambo ambalo naye hujiuliza. Akasema ikisahau nusu, ile nusu iliyobaki inaweza kusoma kama namba yoyote. Akabadilisha vyote, akatufundisha kuzibadilisha betri mashine ikiwa inawaka, akaondoka. Jambo lile halikutokea tena.

Nilikwenda kwa Mzee Kazungu, wakati huo ameshatoka hospitali, yuko kwake Magarini, vidole viwili havikunjiki vizuri. Nikamsimulia yote. Alisikiliza akiwa anapukuchua mahindi kwa mkono mmoja.

"Basi tumejua," akasema.

Nikamwambia, "Tumejua mashine inaweza kujibadilishia namba, Mzee. Hatujui kama siku ile ilijibadilishia yenyewe au niliandika mimi. Siku ya Jumatatu si siku ya baada ya Idd."

Akaacha kupukuchua. Nadhani hakutegemea nilifikishe huko.

"Mimi nimetosheka," akasema. "Wewe?"

"Bado."

"Basi kaa na hiyo bado yako," akasema. "Haitakuua. Itakufanya uangalie."

Bwana Faraj alikuja nyumbani kwetu siku ya Ijumaa baada ya swala, akaketi na Ami Sudi sebuleni, akaomba radhi. Aliomba kwa Ami, mimi nilikuwa nyuma ya pazia nasikia. Nilikasirika kidogo, kisha nikamwelewa, maana hivyo ndivyo walivyolelewa. Ami akapokea, akasema mtoto wetu hakuapa kwa sababu anamcha Mungu. Haikuwa hivyo hasa, lakini sikutoka kumsahihisha. Kesho yake nilirudi karakana, si kwenye taipu. Mzee Kazungu alirejea baada ya muda, hakushika tena mashine, ila alikuwa akiketi karibu ananifundisha chuma: kipi kigumu, kipi kinanata, moshi wa rangi gani unasema kisu kimechoka. Nilifanya kazi ile mpaka nilipoolewa, na baada ya kuolewa pia, na mashine nyingine zikaja, zenye akili zaidi. Kila asubuhi, kabla ya chuma, nilikata hewa kwanza. Vijana walinicheka. Hakuna aliyevunjika mkono.

Sasa, mwanangu, sikiliza ninachotaka ubaki nacho. Utafanya kazi na vitu usivyoviona ndani yake. Siku moja kitu kitaharibika, na watu watakuzunguka, kila mmoja ana jibu analolitaka kutoka kinywani mwako, na wengi wao wanakutakia mema. Kama ulilifanya na unajua ulilifanya, liseme siku hiyo hiyo, kama yule mzee alivyousema mlango wake. Kama hukulifanya na unajua, likane, usimame hapo. Lakini kama hujui, sema hujui, na uwe tayari kudharauliwa kwa neno hilo. Usikiri ili watu wapoe, wala usiape ili watu wakusifu. Halafu usilale nalo. Nenda ukatafute, na utafute kwa namna ambayo haimuumizi mtu. Na ukitafuta ukapata nusu, usiipake rangi ionekane nzima. Kuna mambo nimeyabeba hivyo miaka yote hii, na bado nala, nalala, nacheka na wajukuu.

Mungu akupe macho ya kuona unachokifanya na ulimi usiotangulia macho yako. Akukutanishe na wakubwa wasiotaka uwafurahishe. Mikono yako aihifadhi, na mikono ya watakaosimama kando yako aihifadhi pia. Amin, mwanangu.